Uzi: Likizo ya kupika shambani Italia, kuanzia kuchagua mkoa na msimu hadi kusukuma tambi

MwikoMrefu #1

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kwenye nyuzi za safari, Italia huishia Roma, Venezia na picha za minara. Hapa naomba tujadili jambo moja tu: mtu anayetaka kukaa siku tano hadi saba shambani, akande unga kwa mikono yake, na akirudi nyumbani aweze kupika alichofundishwa. Wenye ujuzi wa mikoa, viza, barabara na jikoni wajazie.

Naanza na kosa linalopoteza pesa nyingi kuliko yote: kununua tiketi ya ndege kwanza, halafu ndiyo kutafuta darasa. Waitaliano hupika kimkoa, tena mara nyingine kijiji kwa kijiji. Emilia-Romagna, yaani Bologna, Modena, Parma na majirani zake, tambi ni unga laini wa ngano na mayai. Puglia kule kusini ni ngano ngumu na maji, yai halimo. Toscana utakuta pici, tambi nene zinazoviringishwa kwa kiganja, maharage, ribollita (supu nzito ya mkate na mboga), na mkate usiotiwa chumvi hata chembe. Aliyelipia wiki nzima Toscana akitarajia kujua tortellini, tambi ndogo za kujazwa nyama, amekosea mlango, maana tortellini ni za Bologna na Modena. Kwa hiyo chagua chakula unachotaka kukimudu, kisha mkoa wake, kisha mwezi, na ndege ije mwisho.

Mwezi una uzito sawa na mkoa. Anayetaka kuona zeituni zikichumwa na kukamuliwa aende mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Zabibu huvunwa zaidi Septemba. Nyanya za kusaga na kuweka kwenye chupa ni Julai na Agosti, lakini jiko la Agosti ni joto kali, na karibu na tarehe 15 Agosti, Ferragosto, nchi nzima iko likizo: maduka madogo yamefungwa na bei za malazi ziko juu. Aprili na Mei kuna maharage mabichi ya bustani, artichoki na hali ya hewa ya kukandia unga bila kutoka jasho. Ukiniuliza mimi, nakutuma Mei au mwanzoni mwa Oktoba.

Tena kuna hili neno agriturismo. Kwa sheria ya Italia, ile ya 1985 na sasa ya 2006, jina hilo ni la shamba linalolima au kufuga kweli, na wageni ni shughuli ya pembeni. Nyumba nzuri yenye bwawa kilimani si agriturismo kwa sababu tu imeandikwa hivyo kwenye tangazo. Tafuta alama ya taifa yenye maua ya alizeti, 1 hadi 5, na tazama tangazo lina namba ya CIN, yaani namba ya taifa ya utambulisho wa malazi, inayoanza na IT. Tangu Januari 2025 namba hiyo inatakiwa kuonekana kwenye matangazo ya malazi. Tangazo lisilo nayo liulizie kabla hujatuma hata senti.

Swali la kumtumia mwenyeji ni hili: kila mgeni ana kibao chake na kinyunya chake, au tunamzunguka mpishi mmoja tukitazama? Madarasa mengi ni ya pili. Mpishi anakanda, wageni kumi na wawili wanapokezana kugusa, kisha watu wanakaa mezani kula. Chakula kitakuwa kitamu, ila mikono haijajifunza kitu. Uliza pia mko wangapi darasani (zaidi ya wanane kwa mwalimu mmoja ni wengi), darasa ni saa ngapi, na kama siku ya pili mnarudia unga uleule. Marudio ndiyo yanayofundisha mkono. Vyakula kumi na tano kwa siku tano ni vya kuonjeshwa tu.

Kidoti_wa_Tanga #2

Ahsante sana mkuu. Kwa sisi tusiokula nguruwe wala kutumia pombe, inawezekana kweli? Naona kila pishi lina divai.

BiTambi #3

Inawezekana sana dada, ila usiseme tu "mimi Muislamu" ukadhani umemaliza. Mwenyeji wa kijijini atakuondolea nyama ya nguruwe sahanini na kuacha mafuta yake kwenye unga, kwa sababu kwake hayo si nyama. Mtajie vitu kimoja kimoja, tena kwa maandishi kabla ya kulipa. Sentensi hii nakili ilivyo: *Non mangio carne di maiale, né strutto, né gelatina di maiale, e niente alcol, nemmeno cotto nel cibo.* Hapo umetaja nyama, mafuta ya nguruwe, jelatini yake, na pombe hata ikiwa imepikwa.

Inapojificha ni hapa. Ndani ya tortellini za asili kuna nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella, ambazo nazo ni za nguruwe. Ragù ya Bologna, mchuzi wa nyama ya kusaga, ina pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe iliyotiwa chumvi) na divai. Piadina na crescentine, mikate yao bapa, kwa desturi hukandwa na strutto, ingawa piadina ya mafuta ya zeituni ipo na ni nzuri. Panna cotta, kitindamlo cha malai, hugandishwa kwa jelatini. Kwenye pakiti imeandikwa *colla di pesce*, yaani gundi ya samaki, lakini mara nyingi asili yake ni nguruwe, usidanganywe na jina. Tiramisù nyingi, kitindamlo cha kahawa na jibini laini, hutiwa pombe kwenye kahawa. Jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa renneti (kigandisha maziwa) ya tumbo la ndama na kanuni zake haziruhusu nyingine; wapo wanaoila na wapo wanaojizuia, muulize unayemwamini kwa elimu ya dini.

Badala ya kupigana na tortellini, omba tortelli au tortelloni za ricotta (jibini laini) na mboga za majani. Ni chakula cha asili kabisa cha mkoa huohuo, na kwa tortelloni unafundishwa mkunjo uleule. Au nenda Puglia, ambako sehemu kubwa ya mapishi ya shambani ni mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni.

Ragù bila pancetta na divai haiharibiki ukijua kila kimoja kilikuwa na kazi gani. Pancetta ilileta mafuta, divai ilileta uchachu. Kwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, iliyosagwa kwa matundu makubwa na yenye mafuta kidogo, weka vijiko vinne vya mafuta ya zeituni, gramu 50 za kitunguu, 50 za karoti na 50 za seleri, vyote vimekatwa vidogo sana. Kaanga mboga kwa moto mdogo dakika 10 mpaka zilainike bila kubadilika rangi, tia nyama, pandisha moto na uiache ikaangike mpaka usikie sauti yake ya kukaangika. Watu hukosea hapo: nyama inatoa maji, wao wanatia nyanya juu ya maji hayo, na nyama inachemka badala ya kukaangika. Subiri maji yakauke. Kisha gramu 200 za nyanya zilizochujwa, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, supu ya moto kidogo kidogo, na moto mdogo kabisa saa mbili au zaidi. Glasi ya maziwa nusu saa kabla ya kuepua inalainisha uchachu wa nyanya.

Sfoglina_Unguja #4

Naomba nikae kwenye sfoglia, lile shuka la unga wa mayai, kwa sababu hilo ndilo watu huvuka bahari kwenda kujifunza.

Kipimo ni gramu 100 za unga kwa yai moja. Unga ni ule ulioandikwa 00, yaani unga laini wa ngano uliosagwa sana. Yai linalokusudiwa ni la gramu 60 hivi na ganda lake. Ulaya saizi M ni gramu 53 hadi 63. Yai letu la kienyeji ni dogo, kwa hiyo ukirudi nyumbani pima kwa mizani: gramu 100 za unga kwa gramu 52 hadi 55 za yai lililopasuliwa. Chumvi haitiwi, mafuta hayatiwi, maji hayatiwi.

Unga unaumwaga juu ya kibao cha mbao na kufanya shimo katikati, mayai humo, unapiga kwa uma ukivuta unga wa pembeni taratibu. Ukuta ukibomoka mapema yai linakimbilia ukingoni, basi acha ukuta mnene. Ukishakuwa donge, kanda kwa kisigino cha kiganja dakika 10 hadi 15. Mkono uliozoea chapati utaona donge hili ni gumu mno na utatamani kuongeza maji. Usiongeze. Unga wa chapati unataka kulainika mapema, huu unalainika kwa kukandwa na kwa kupumzishwa. Ukibonyeza kidole na shimo likarudi polepole, tosha. Funika kwa bakuli dakika 30 mezani, siyo kwenye friji: baridi huurudisha ugumu.

Kusukuma sasa. Mti wao, mattarello, una urefu wa sentimita 80 hadi mita nzima na hauna vishikio. Unasukuma kutoka katikati kwenda mbele, bila kugusa ukingo wa karibu nawe, unageuza shuka kidogo kama mshale wa saa, unasukuma tena. Likishakuwa pana kama sinia, unalizungushia kwenye mti nusu yake, na huku mti unabiringika, viganja viwili vinatoka katikati kwenda ncha, vikilivuta shuka lipanuke kwa upande. Kitendo hicho ndicho kinachotofautisha sfoglia na chapati kubwa, na hakifundishiki kwa video. Mwalimu inabidi akuwekee mikono yake juu ya yako. Shuka limekamilika ukiweza kuona kivuli cha mkono wako kwa nyuma.

Tambi ya kukata, kama tagliatelle, shuka liachwe likauke kidogo mpaka lishike kama ngozi laini, ndipo ulikunje na kukata. Likikatwa bichi, nyuzi zinagandana. Likizidi kukauka, linavunjika kwenye mkunjo. Ukitaka kujaza vitu ndani, kinyume chake: kata mara moja shuka likiwa bado na unyevu, la sivyo kingo hazishikani na ricotta yote inabaki kwenye maji ya sufuria. Tagliatelle za Bologna zina upana uliosajiliwa kwenye chemba ya biashara ya mji huo tangu 1972: milimita 8 zikishaiva, kwa hiyo zikiwa mbichi unakata karibu milimita 7.

Mpitanjia #5

Dada Sfoglina, mashine ya kuzungusha kwa mkono haitoshi?

Sfoglina_Unguja #6

Inatosha kwa chakula cha nyumbani, na nyumba nyingi Italia zinayo. Tofauti ni uso wa tambi. Mbao inaacha vikwaruzo vidogo vinavyoshika mchuzi, chuma inalainisha na mchuzi unateleza. Kwa hiyo unapouliza shamba, uliza *a mano, con il mattarello?*, yaani kwa mkono, kwa mti? Wakijibu wanatumia mashine, darasa hilo halihitaji kusafiri kilomita elfu saba.

Ndege_Tatu #7

Upande wa viza. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, aina C. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudi ukikataliwa. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo anayeenda Mei aanze Februari. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000 na iwe halali nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki halali miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka, na iwe na kurasa mbili tupu.

Darasa la kupika la wiki moja ni utalii, usiombe viza ya masomo. Ambatanisha uthibitisho wa malazi wa siku zote bila pengo, pamoja na barua ya shamba yenye tarehe na ratiba. Pengo la usiku mmoja kati ya hoteli ya mjini na shamba linaibua maswali. Kama unapita Ufaransa siku tatu na Italia saba, ombi ni la Italia, pale unapokaa siku nyingi. Walioko Muscat, Doha au Dubai kwa kibali cha ukazi wanaomba hukohuko wanakoishi.

Na jambo la pesa: lipa shamba malipo ya awali tu, kwa masharti yaliyoandikwa kwamba yatarudi viza ikikataliwa. Mashamba mengi yatakubali ukieleza mapema.

Gia_ya_Tatu #8

Usafiri. Shamba halina daladala. Ama mwenyeji akupokee stesheni, ama ukodi gari, na hilo liamuliwe kabla ya kulipa. Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kwenye chama cha magari cha nchi yako kabla hujaondoka. Ukitaka gari la otomatiki sema wakati wa kuweka nafasi, mengi ya kukodi ni ya gia. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wakumbuke kule ni kuendesha kulia; kosa hutokea asubuhi, unapotoka kwenye njia ya shamba isiyo na gari jingine la kukukumbusha.

Pampu ya mafuta: *benzina* ni petroli, *gasolio* ni dizeli. Neno gasolio linafanana mno na jina la petroli la Marekani, na injini zimekufa kwa hilo. Pampu iliyoandikwa *servito* unahudumiwa na bei iko juu kuliko *fai da te*, unapojihudumia mwenyewe.

Halafu ZTL. Ni maeneo ya katikati ya miji ya kale, Firenze, Siena, Bologna, Lucca na hata miji midogo, ambako gari lisilo na ruhusa halitakiwi kuingia. Hakuna geti wala askari, ni kamera tu, na kila kupita ni kosa jipya. Faini inakufuata nyumbani kupitia kampuni ya gari, ambayo nayo inakukata ada yake. Egesha nje ya ukuta wa mji, ingia kwa miguu.

MwikoMrefu #9

Nimuongezee ndugu Gia: Emilia unaweza kabisa kuishi bila gari. Uwanja wa Bologna una ndege za moja kwa moja kutoka Dubai na Istanbul, na treni za kawaida kutoka Bologna zinafika Modena, Reggio Emilia na Parma kwa mstari mmoja. Tiketi ya karatasi ya treni ya *regionale*, yaani ya mkoa, ipigwe muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, vinginevyo unahesabika huna tiketi. Na angalia neno *sciopero*, mgomo. Siku za kazi treni za mikoa zina saa zilizolindwa, ambazo hutembea hata kukiwa na mgomo: 12 hadi 3 asubuhi na 12 jioni hadi 3 usiku.

Ukiwa hapo, omba kupelekwa kwenye kiwanda cha jibini, lakini asubuhi. Parmigiano Reggiano hutengenezwa asubuhi tu: maziwa ya jioni yaliyoachwa yapande malai na kuenguliwa huchanganywa na ya alfajiri, kwenye vyungu vya shaba, na kila chungu kinatoa magurudumu mawili pacha. Gurudumu moja la karibu kilo 40 limekula takriban lita 550 za maziwa na halitauzwa kabla ya miezi 12. Ziara ya saa 9 alasiri itakuonyesha rafu na sakafu iliyooshwa.

JikoLaPwani #10

Wenzangu mmeisahau Puglia. Kwa mtu wa Malindi au Mombasa aliyezoea tambi za dukani, orecchiette ndiyo tambi rahisi kuhamishia nyumbani, maana haitaki yai wala mti. Gramu 400 za *semola rimacinata*, semolina ya ngano ngumu iliyosagwa mara ya pili, na gramu 190 hadi 200 za maji ya uvuguvugu. Kanda dakika 10, pumzisha dakika 20. Viringisha kamba unene wa kidole, kata vipande vya sentimita moja. Chukua kisu cha mezani chenye ncha ya duara, kibonyeze juu ya kipande na ukivute kuelekea kwako. Kinajikunja juu ya kisu. Kiweke juu ya kidole gumba ukipindue, kikwaruzo kitokee nje.

Kisipojikunja, sababu ni mbili: unga una maji mengi, au umenyunyiza unga mwingi kibaoni na kipande kinateleza badala ya kushika. Futa kibao kiwe kikavu na mbao tupu. Ile semolina ya chembe kubwa ya basbousa haifai, inabaki kama mchanga na kamba inakatika.

Mchuzi wake ni cime di rapa, majani yenye uchungu, yanayochemshwa pamoja na tambi kwenye sufuria moja, kisha vinakaangwa kidogo na kitunguu saumu, mafuta na dagaa wa chumvi aina ya acciughe. Kwetu figiri inakaribia sana uchungu huo.

Kidoti_wa_Tanga #11

Maelezo yameshiba. La mwisho: tambi ya mayai niikaushe vipi hapa Tanga na unyevu huu?

Sfoglina_Unguja #12

Usiikaushe dada. Viota vya tagliatelle kwenye hewa ya pwani vinabaki na unyevu katikati, na siku ya pili au ya tatu vinaota ukungu ndani huku nje vinaonekana vizuri. Kata, nyunyizia semolina, tandaza juu ya sinia bila kugusana, tia friza mpaka viwe vigumu, ndipo uvifunge kwenye mfuko. Unapika moja kwa moja kutoka friza bila kuyeyusha: lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi, maji yatokote kabisa, dakika 3 hivi, uonje. Shuka nalo lisukume asubuhi na mapema na feni izimwe, kwa sababu feni inakausha kingo huku katikati bado ni bichi, na ufa unaanzia ukingoni. Ufa ukishatokea, lowesha kidole kwa maji, paka pande zote mbili, kunjia kingo ndani na upitishe mti mara moja juu yake.